Gurudumu Liko Ulaya

Vijana wangu, mlipokuja Jumapili ile mkaegemeza baiskeli zenu kwenye ukuta wa jiko langu, mliniomba mambo mawili. La kwanza, niwaandikie ninayoyakumbuka kuhusu kazi yangu ya ufundi katika misafara ya baiskeli, kwa kuwa nanyi mnataka kwenda Malawi kwa kukanyaga pedeli. La pili aliliomba Tatu, yule binti wa Mikumi asiye na maneno mengi. Alisema niwape lile gurudumu linaloning'inia jikoni, liwe akiba yenu njiani. La kwanza nililikubali papo hapo. La pili nilijifanya sikulisikia, nikaenda kuwaletea chai. Mnaikumbuka chai ile ilivyokuwa. Mke wangu Mwanahawa angekuwepo msingekunywa maji ya moto yenye rangi.

Tatu, nilikusikia. Jibu lako limo humu, ila itakubidi ulifuate taratibu, maana mimi elimu yangu ni darasa la saba na sijui kuandika kwa njia ya mkato.

Nianze na nyumbani. Mimi nimezaliwa Ulaya. Ninyi hamshangai, mnaijua Ulaya yetu hii ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, ya mahindi na gulio na watu wanaotembea na baiskeli zilizobeba magunia marefu kuliko wao. Lakini nimefanya kazi na watu wa nchi nyingi, na hakuna sentensi iliyonipa vituko kama hiyo. Mpakani pale Songwe ofisa mmoja aliniuliza kwa upole nyumbani kwetu ni wapi. Nikamwambia Ulaya. Akatazama kandambili zangu, akatazama mikono yangu yenye grisi, akaniuliza tena, safari hii bila upole. Nikamjibu tena Ulaya, kwa heshima zaidi. Nilikalishwa kwenye benchi mpaka fundi wetu mkuu, Danieli, alipokuja kunikomboa.

"Afande, hadanganyi," akasema. "Ni wa Ulaya kweli, ila ile yenye mahindi."

Huyo Danieli ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Vidunda, mlimani, muumini wa Anglikana na mwimba besi. Alinikuta nikiziba pancha karibu na stesheni ya Kilosa, akanitazama muda mrefu, akasema nina mikono mizuri na mdomo mkubwa, na kwamba safarini vyote viwili vinahitajika. Msafara wenyewe ulikuwa unatoka Nairobi, unapita Morogoro na Kilosa, unashuka Mikumi, Iringa, Mbeya, kisha Malawi na Zambia hadi kwenye maporomoko ya Mto Zambezi. Walipitia huku kwetu kwa sababu barabara kuu ya kutoka Morogoro inakatiza hifadhini, na kiongozi wetu hakutaka kumpelekea simba chakula chenye magurudumu.

Danieli alikuwa akinyoosha gurudumu kwa sikio. Alipindua baiskeli, akapiga kila spoku kwa ukucha, akasikiliza. Spoku iliyolegea ilitoa sauti nzito, iliyokazwa kupita kiasi ililia kama mbu. Alizikaza na kuzilegeza hadi zote zikaimba sauti moja, na mara nyingine aliziimbia besi ili zijue zinakotakiwa kufika. Nilipojaribu mara ya kwanza, nilikaza kila niliyoiona. Gurudumu likajikunja pande mbili. Danieli akalishika kwa vidole viwili, akawaita wapishi wa msafara, akawaambia chapati ya fundi Salehe iko tayari, waandae maharage. Nililiwa na aibu mpaka Iringa. Lakini tangu hapo najua kwamba spoku haikazwi kwa nguvu. Unakaza robo, unazungusha, unasikiliza, unakaza robo nyingine.

Shikeni na hili. Ukipata pancha ya mwiba, usikimbilie solusheni. Kwanza pitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole, mwiba uliobaki utakishika. Asiyefanya hivyo hubandika kiraka, akafunga, akajaza upepo, akaenda hatua chache, akarudi kwa fundi akisema solusheni ni mbovu. Na mkiishiwa mipira ya ndani kabisa, jazeni tairi majani makavu, mkiyasindilia sana. Mtafika, japo matako yenu yatajua. Ila msiegeshe baiskeli hiyo karibu na mbuzi. Kule Zambia tulimjazia Mholanzi mmoja majani tairi la nyuma, tukaketi kunywa soda, na tulipogeuka mbuzi alikuwa ameshavuta nusu ya tairi. Yule Mholanzi alisema ameibiwa mara tatu Afrika, na huyu ndiye mwizi wa kwanza aliyemwona akitafuna.

La salamu mnalijua, lakini wageni wenu hawatalijua. Danieli aliwafundisha waendeshaji wetu neno moja tu, shikamoo, akawaambia wakilisema hakuna atakayewakasirikia. Akasahau kuwaambia wanamwambia nani. Basi siku tulipopita Chanzuru, watu wazima na ndevu zao walikuwa wakiwaamkia watoto wa chekechea. Watoto wakaona ajabu kubwa. Wakakimbia mbele, wakajipanga kando ya barabara, wakakunja mikono, wakakaza nyuso kama wenyeviti wa kijiji, na kila baiskeli ilipopita wakaitikia kwa sauti nzito, "Marahaba, mjukuu." Nikiwa wa mwisho na sanduku langu la spana, nikamkuta mzee mmoja amesimama mlangoni kwake amenuna. Akaniambia ameishi miaka yote ile, na leo vitoto vya kina Omari vimeamkiwa na dunia nzima, yeye amepitwa. Nilishuka, nikamshika miguu kwa niaba ya msafara. Akasema marahaba, lakini haikutoka rohoni.

Sasa nifike kwa Mama Nekesa.

Alikuwa muuguzi mstaafu kutoka Bungoma, mwembamba, mrefu, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusema. Mwaka uliotangulia alianza safari nasi akaugua tumbo Morogoro, akarudishwa kwao kwa basi. Mtaani kwake wakambandika jina la Mama Morogoro. Kanisani Mama Morogoro, sokoni Mama Morogoro, hata wajukuu. Yeye alisimulia huku anacheka, ila nilimwona usoni, nikajua kuna mahali pamemchoma. Kwa hiyo alirudi mwaka uliofuata na kiapo. Alisema atafika kwenye maporomoko ya Zambezi bila kubebwa na injini hata hatua moja. Akishindwa, hataendesha tena, maana umri hautamngoja.

Alipita Morogoro akiimba. Akafika Kilosa, na pale pale, tukiingia uwanja wa shule tulipokuwa tunapiga kambi, friwili yake ikafa. Vijana, friwili ikifa unakanyaga pedeli nazo zinazunguka vizuri kabisa, ila gurudumu la nyuma halina habari. Niliifungua, nikakuta habu, kile kitovu cha gurudumu, imesagika yote, gololi zimekuwa unga. Sanduku letu la akiba halikuwa na gurudumu la namna ile. Mama Nekesa akakaa juu ya kirago chake.

"Sasa wataniita Kilosa," akasema. Hakucheka.

Nilifurahi sana wakati ule, nikiri. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa na jibu. Mwendeshaji mmoja wa msafara wa nyuma alikuwa ameniachia gurudumu la namna ileile, zima kabisa, nami nililipeleka kwangu. Danieli hakuwepo mwaka ule, mgongo ulikuwa umemrudisha mlimani, na mimi ndiye nilikuwa fundi mkuu. Nikamwendea kiongozi wetu, Mutiso, kijana wa Machakos ambaye simu yake haikutoka sikioni. Nikamwambia asihangaike, gurudumu la Mama lipo, liko Ulaya, mimi mwenyewe nililiweka. Mutiso akafumba macho. Akaniuliza kama nina hakika haliko Nairobi wala Dar. Nikamwambia hakika, liko Ulaya. Akanishukuru kwa sauti ya msibani. Mimi nikaenda kuswali magharibi, nikala ugali na dagaa, nikalala usingizi wa mtoto.

Asubuhi nikaamka nikakuta watu wanampa Mama Nekesa pole. Mmoja anamkumbatia, mwingine anamfungia mizigo. Nikadhani amefiwa. Nikasogea kwa adabu, nikamkuta yuko kwenye simu na binti yake, anasema anarudi kwa basi la saa nne, kwa sababu gurudumu liko Ulaya.

Nikasimama nikijiuliza. Mtu anarudi kwao vipi kwa sababu kitu kiko Ulaya? Nikangoja amalize.

"Mama," nikasema, "Ulaya ni hapo tu. Na leo tunapita huko huko."

Akanitazama kama muuguzi anavyomtazama mtu mwenye homa kali.

"Salehe, wewe umewahi kufika Ulaya?"

"Kila Ijumaa, Mama."

"Kwa nini?"

"Kumwona mke wangu."

Akaweka simu chini. Akauliza polepole naenda kwa ndege gani. Nikamwambia naenda kwa baiskeli, ila mvua ikinyesha barabara huwa mbaya, nashuka nasukuma. Mutiso, aliyekuwa nyuma yetu, akatoa simu sikioni kwa mara ya kwanza tangu Nairobi. Akauliza kama kuna Ulaya nyingine. Mlinzi wa shule, mtu wa Kilosa aliyekuwa akisikiliza yote, alikuwa ameshaketi chini anajipigapiga mapaja. Alipopata pumzi akasema Wazungu ndio wana Ulaya nyingine, ya kwanza ni hii.

Kicheko kile kilitugharimu nusu ya asubuhi. Kila kilipotulia, mtu alisema "kila Ijumaa", kikaanza upya.

Mutiso akataka Mama apande lori la mizigo hadi Ulaya, afungiwe gurudumu, aendelee. Mama akasema lori ni injini. Mutiso akamwambia ni kipande kidogo tu. Mama akamwambia Morogoro nayo ilikuwa kipande kidogo tu. Basi nikachukua mpira wa ndani uliochoka, nikaukata mkanda mrefu, upande mmoja nikaufunga kwenye keria yangu, upande wa pili kwenye shingo ya usukani wake. Hili pia lishikeni. Kamba hushtua na kuangusha, mpira huvuta kwa adabu. Mimi nikanyage, yeye ashike usukani na breki. Nilimuuliza kama kuvutwa na mwanamume wa Ulaya ni kubebwa na injini. Akasema inategemea mwanamume mwenyewe.

Sikuwa nimewahi kuvuta mtu mbali hivyo. Kwenye tambarare tulikwenda vizuri. Kwenye vilima nilitoa sauti ambazo mke wangu hajawahi kuzisikia. Lakini kwenye miteremko ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Mama Nekesa alikuwa na baiskeli nyepesi na furaha nyingi. Alinipita kasi, mpira ukavutika ukavutika, akawa mbele ananivuta mimi, kisha mpira ukakumbuka asili yake ukaturudisha pamoja ubavu kwa ubavu. Tukaingia kwenye mahindi ya watu mara mbili. Mara ya pili mwenye shamba alisimama na jembe lake, akatutazama tumelala kwenye mahindi yake tumefungwa pamoja, akauliza nani kati yetu ni mfungwa.

Kwa bahati mbaya ilikuwa siku ya gulio. Barabara ilijaa watu wanaonijua, na watu wa kwetu hawaoni kitu wakanyamaza. Kina mama wenye matenga waliniambia wengine huenda kuposa na wazee, Salehe ameenda na mpira. Kijana mmoja wa bodaboda alitupita, akapunguza mwendo, akatazama vizuri, akaongeza mwendo. Nilijua anakokwenda.

Alifika kwangu kabla yetu. Habari aliyopeleka ni kwamba mumeo anakuja na mwanamke mrefu kutoka Kilosa, na amemfunga ili asikimbie.

Tulipoingia uani, Mwanahawa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi. Nyuma yake majirani walikuwa wamepata nafasi nzuri za kutazama. Mama Nekesa akaona mwiko, akaona uso, na lile neno la Danieli likamtoka. Akapiga goti.

"Shikamoo, Mama."

Mwanahawa alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Mwiko ukashuka.

"Jamani dada, usinizeeshe mbele ya majirani," akasema, akamwinua. "Shikamoo ni yako. Huyu amekufanya nini?"

Mama Nekesa akamweleza yote, kuhusu Morogoro, jina lile, friwili na ndege ya Ulaya. Alipofika kwenye kila Ijumaa, Mwanahawa alilazimika kushika nguzo. Kisha akatazama juu, nasi tukatazama juu naye, na ndipo nilipokumbuka jambo nililopaswa kulikumbuka tangu Kilosa.

Gurudumu halikuwa stoo nilipoliacha. Mwanahawa alikuwa amelining'iniza kwenye boriti ya jiko kwa waya, limelala bapa, likizunguka. Kwenye spoku zake alikuwa amefunga vitunguu, mbegu za mahindi, kikopo cha chumvi, vijiko, samaki wakavu kwenye mfuko. Panya hakuweza kulifikia. Alikaa kwenye kigoda chake, akainua mkono, akazungusha hadi alichokitaka kikafika mbele yake. Ilikuwa mashine yake, aliibuni mwenyewe, na majirani walikuja kuitazama.

Sikuthubutu kumwomba. Mama Nekesa naye alipoliona akasema hapana, hawezi kuchukua jiko la mtu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba atarudi tu, na wamwite watakavyo.

Mwanahawa akaanza kufungua vitunguu, kimoja kimoja, akaviweka kwenye ungo.

"Litarudi?" akauliza.

"Litarudi," akasema Mama Nekesa.

"Mimi sijavuka Morogoro," akasema Mwanahawa. "Basi na liende lione. Likirudi litanisimulia."

Nilisugua rimu kutoa mafuta ya samaki, nikalifunga. Nikapiga spoku kwa ukucha, zikaimba sauti moja, na sijui kama Danieli aliwahi kuzipata sawasawa hivyo. Mama Nekesa akazunguka uani, akatoka, akashika barabara ya Mikumi huku mbwa wa jirani wakimfuata kwa harufu. Walimfuata hadi mtoni.

Alifika. Nilikuwepo. Alilipeleka gurudumu lile mpaka mahali ambapo manyunyu ya maporomoko hulowesha watu, akapiga simu Bungoma, akashika simu juu wasikie maji, akawauliza wanamwita nani sasa. Kisha akanunua gurudumu lingine mjini, akanipa langu. Nilirudi nalo kwa mabasi, nimelikumbatia kama mgonjwa, na kila niliyekaa naye aliniuliza nalipeleka wapi.

Mwanahawa alilisafisha kwa majivu, akalining'iniza palepale. Alinikalisha nimweleze lilikopita, nami nikamweleza kwa siku kadhaa. Na tangu hapo, vijana, jikoni kwangu hakukuwa na kulia wala kushoto. Kila upande wa gurudumu aliupa nchi. Vitunguu viliwekwa Malawi. Chumvi ilikuwa Iringa, samaki Mbeya, mbegu zilikuwa Zambia. Ungemsikia anamwambia mgeni amletee kitunguu kutoka Malawi, na mgeni anabaki ameduwaa mlangoni. Akizungusha alikuwa akisema leo nakwenda mbali, narudi kabla maji hayajachemka.

Mwezi wa pili sasa napika mwenyewe. Magoti yaliniachisha kazi, na Mwanahawa, Mungu amrehemu, ameniachia jiko. Siku za kwanza sikugusa gurudumu, nikawa nanunua chumvi dukani huku ipo. Mama Nekesa alinipigia simu, akalia, kisha akaniuliza kama naenda bado kila Ijumaa, na mimi nikacheka mpaka nikaogopa majirani watanionaje. Siku hiyo ndipo nilipokaa kwenye kigoda, nikainua mkono, nikazungusha. Chumvi ilikuwa Iringa, kama alivyosema. Nilitia nyingi, mchuzi haukulika, lakini niliipata.

Tatu, nimezungusha gurudumu lile nikiwa nimekaa na ombi lako. Nimelipiga spoku. Mbili zimelegea, moja inalia kama mbu. Gurudumu linalobeba vitunguu tu huanza kusahau kazi yake, na mwenye nalo vilevile. Njoo Jumapili na wenzako, njoo na ufunguo wa spoku, nitakuonyesha kukaza robo. Vitunguu na chumvi nitavihamisha mwenyewe. Mbegu zilizo Zambia alizifunga yeye kwa mkono wake, nitazipanda mvua ya kwanza, nyuma ya jiko.

Nitakuuliza swali moja tu kabla hujafunga nati, na unajua ni lipi. Jibu vizuri. Na huko njiani, afande au mtu yeyote akikuuliza mzigo huu unarudi wapi, usimfiche wala usimweleze mengi. Mwambie Ulaya, kisha utafute benchi ukae.